Mama Bisibisi Anauliza Njia ya Kuhama

Mtu akipeleka cherehani kuuza kwa Mama Bisibisi, hutarajia kitazamwe, kizungushwe gurudumu, bei itajwe. Yeye hukilaza ubavu, hufungua bamba la chini, na baada ya nusu saa meza yote imetapakaa vyuma: meno ya kusukuma kitambaa huku, fimbo ya sindano kule, skrubu zimepangwa kwa urefu kama watoto wa darasa la kwanza. Akimaliza kukifungua hukiunganisha upya, hutia uzi, hushona mstari mmoja. Kikishona kama kilivyoshona kabla hajakifungua, hununua. Kikigoma, hukirudisha kwa mwenyewe kikiwa kisafi kuliko kilivyokuja.

"Hata daktari hajawahi kunipekua hivi," fundi nguo mmoja alimwambia akiwa amesimama anangoja.

"Ndiyo maana unakohoa mwaka wa tatu," alijibu bila kuinua uso.

Ana miaka hamsini na mbili. Jina la Mama Bisibisi alipewa na mafundi nguo, kwa sababu bisibisi moja ndogo huwa ameichomeka kwenye nywele muda wote, na amewahi kwenda nayo harusini. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza vyerehani na kuuza spea zake kwenye chumba chenye upana wa hatua nne, mlango wa kijani, kati ya duka la rangi na kinyozi. Ukutani kulikuwa na droo mia mbili na kumi na sita. Kila droo ilifungiwa kwa nje, kwa waya, mfano wa chuma kilichomo ndani, ili asiyejua kusoma naye aone.

Nusu ya wateja wake ni wa mjini. Nusu nyingine hutoka mbali, mara moja au mbili kwa mwaka, na chuma kilichovunjika kimeviringishwa kwenye karatasi. Wengi wao hawana namba yake ya simu na hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Wanaujua mlango.

Mwaka huu ikaja barua. Barabara inapanuliwa, safu yote ya maduka itabomolewa, wapangaji wapewe siku sitini. Mama Bisibisi aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani, akaendelea kunyoosha fimbo ya sindano aliyokuwa nayo mkononi. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa amepata chumba kingine, mitaa tisa kutoka pale, ghorofa ya pili nyuma ya duka la kuchapisha. Kina mwanga mzuri na sakafu imara. Ila hakuna mpita njia anayeweza kukiona, hata akirefusha shingo kama twiga.

Alichokihofia kilikuwa kimoja tu, na alikuwa amekitaja mezani siku ile ile ya barua. "Mtu atasafiri saa sita na chuma chake kwenye karatasi," alimwambia mumewe, "halafu akute shimo. Hatanitafuta. Atarudi kwao na kununua popote, na mwakani hatakuja."

Mumewe ni mwalimu wa hesabu, mtu asiyetumia maneno matatu pale yanapotosha mawili. "Mwite mdogo wangu," alisema.

Mdogo mtu, yaani shemeji yake, hutengeneza tovuti za biashara ndogo ndogo. Ana miaka thelathini na nne, mkono mwepesi na moyo mkunjufu, na ahadi zake hutangulia miguu yake. Alikuja kesho yake na kamera. Kwa wiki tano alipiga picha kila spea juu ya kitambaa cheusi, rula ikiwa pembeni ili ukubwa uonekane: picha mia sita na arobaini. Fundi nguo aliye mbali angeweza kuandika namba iliyochongwa kwenye cherehani chake, au kutazama picha tu mpaka akutane na umbo alilolishika mkononi. Chini ya kila picha kulikuwa na maelekezo ya kufika ghorofa ya pili. Siku ya thelathini na nane kazi ilikuwa imekamilika ndani ya kompyuta ya shemeji.

"Bado kuiweka hewani tu," alisema.

"Kuiweka wapi?"

"Kwenye seva, shemeji. Kuna kampuni zina kompyuta kubwa zisizozimwa. Tovuti yako inakaa mle, unalipia kwa mwaka."

Mama Bisibisi aliweka chini kopo la mafuta. "Kwa hiyo nimefukuzwa na mwenye nyumba mmoja, unanipeleka kwa mwingine."

"Huyu hana barabara ya kupanua."

"Kila mwenye nyumba ana barabara yake."

Shemeji alikuwa ameshachagua: kampuni ya rafiki yake, mwaka wa kwanza karibu bure. Alitarajia ashukuriwe. Badala yake aliombwa majina ya kampuni tatu, pamoja na njia ya kuzungumza na kila moja.

"Nitaongea nazo mwenyewe," alisema Mama Bisibisi.

"Haya ni mambo ya ufundi, shemeji."

"Na mimi ni nani, mpishi?"

Nyuma ya boksi tupu la sindano aliandika maswali manne. Mwaka wa pili bei ni ile ile? Ikizimika, nampigia nani? Jina la tovuti litasajiliwa kwa nani? Swali la nne alilipigia mstari: nikitaka kuhama, natokaje?

Shemeji alilisoma hilo la nne akacheka mpaka akashika meza. "Hata ndoa haijafungwa unauliza talaka!"

"Kaka yako nilimuuliza kabla ya ndoa: tukikosana, kitanda kinaondoka na nani? Akasema na mimi. Leo miaka ishirini na saba, hakuna aliyekibeba."

Alizitafuta zote tatu saa nne asubuhi, siku ya kazi, kwa sababu huo ndio wakati vyerehani vya watu huharibika.

Ya kwanza ilikuwa kampuni kubwa ya ng'ambo ambayo matangazo yake yako kila mahali. Simu haina. Alijibiwa kwa maandishi na mashine iliyomwita rafiki mara sita. Bei ya mwaka wa pili aliipata mwenyewe, imeandikwa kwa herufi za ukubwa wa chawa: mara tatu ya ile ya mwanzo. Alipouliza namna ya kuhama alitumiwa ukurasa wa kusoma, ukurasa huo ukamtuma kwenye mwingine, na huo mwingine ukamrudisha kwenye wa kwanza. Akafunga.

Ya pili ilikuwa ya rafiki wa shemeji. Sauti laini, maneno mengi. "Usijali kabisa, dada yangu, kila kitu tutakufanyia sisi. Wateja wetu wote majina ya tovuti tunawasajilia sisi wenyewe."

"Kwa jina la nani?"

"La kampuni. Ni utaratibu tu."

"Yaani mtoto nizae mimi, cheti kiandikwe jirani."

Sauti laini ilicheka kidogo, ikangoja acheke nayo, ikaona hakuna anayecheka nayo.

Ya tatu ni kampuni ya watu kumi na mmoja. Simu iliita mara nne, ikapokelewa na dada mwenye mafua. Bei ya mwaka wa pili ni ile ile, alisema. Mara moja kwa mwezi, Jumapili alfajiri, mitambo huzimwa kwa matengenezo, kama saa moja hivi. Mama akipiga saa za kazi atapokelewa na mtu. Akipiga usiku atajibiwa asubuhi, asije akadanganywa vinginevyo. Kisha akaomba atumiwe picha tano za mfano, akazitazama huku bado yuko kwenye simu.

"Mama, picha zako ni nzito mno," alisema, akapiga chafya. "Mtu wa mbali mwenye mtandao wa kusuasua atangoja mpaka aghairi. Zipunguzwe uzito kwanza. Zikija hivi tutakuwa tunakula hela yako bure."

"Na nikitaka kuhama?"

"Unabonyeza sehemu moja, unapata furushi lote, picha na orodha. Jina nalo, kama ni lako, tunakupa msimbo wa kuhamia. Huchukua siku tano."

"Kama ni langu?"

"Wengi hufika hapa wakidhani ni lao."

Mama Bisibisi alikata simu, akarudisha bisibisi kwenye nywele. "Huyu," alimwambia shemeji. "Anayekuuzia kitu akaanza na ubovu wake, mnunulie upesi kabla hajabadili mawazo."

Shemeji alikunja uso. "Na yule rafiki yangu? Nilishamwambia tunakuja. Nitamwambia nini?"

"Mwambie shemeji yako mkorofi. Ataelewa, keshanisikia."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba kwenye mlango wa kijani. Shemeji alitaka kadi zichapishwe siku hiyo hiyo: kadi mia tano zenye anwani ya tovuti, wapewe wateja wote wanaoingia kabla mlango haujaondoka. Hoja yake ilikuwa nzito. Kwa siku waliingia watu kama kumi na wawili, na kumweleza mtu mgeni mitaa tisa na ngazi ya nyuma si kazi ndogo. Nusu yao walitikisa kichwa kwa adabu bila kuelewa. Lakini Mama Bisibisi hakutaka kadi bado. Alitaka kwanza tovuti ifunguliwe vipande. Iwekwe kule kwa dada mwenye mafua, ifungashwe, ifutwe yote, irudishwe, na jina la tovuti, ile anwani yenyewe, lihamishiwe pale pale.

"Shemeji, hii siyo cherehani."

"Sijui. Sijaifungua."

"Siku mbili za majaribio ni watu ishirini na wanne wanatoka humu bila anwani!"

"Na kadi mia tano zenye anwani iliyokufa ni watu mia tano."

Jaribio lilifanyika Jumatatu asubuhi, kompyuta ikiwa katikati ya overloki mbili, mashine za kufunga kingo za nguo, zilizofunguliwa matumbo. Picha zilikuwa zimeshapunguzwa. Furushi lilishushwa. Shemeji alifuta kila kitu, wiki tano za kazi yake. Kioo kikawa cheupe. Mama Bisibisi alikitazama kile cheupe kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona vyuma vingi vimelala mezani. Baada ya dakika arobaini zilirudi picha zote mia sita na arobaini. Aliandika namba ya mashine moja ya zamani, spea zake nne zikatokea. Akaandika nyingine. Zikatokea.

"Umeridhika?" shemeji aliuliza. Sasa alikuwa anajidai.

"Bado jina."

Shemeji alibonyeza. Maandishi yakaja kwamba msimbo umetumwa kwenye simu ya mwenye jina, namba inayoishia na arobaini na saba. Mama Bisibisi akaitazama simu yake. Namba yake haiishii hivyo. Akamgeukia shemeji, ambaye alikuwa ameanza kuisoma feni ya darini.

"Hiyo namba ya nani?"

"Yangu."

"Basi tusomee msimbo."

"Ni ya zamani."

"Ya zamani kiasi gani?"

Ikatoka kidogo kidogo. Miezi mitatu nyuma, barua ya kubomolewa ikiwa bado uvumi wa kinyozi, shemeji alikuwa ameota wazo la tovuti na kumnunulia Mama Bisibisi jina la tovuti hiyo kama zawadi. Kwenye fomu alijaza jina lake mwenyewe na namba yake mwenyewe. Halafu simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, akanunua nyingine na laini mpya, ile ya zamani akaisahau.

"Nilikuwa naharakisha," alisema. "Na tena ni sisi kwa sisi. Nikaona haina tofauti."

Mama Bisibisi alikuwa ameziuliza kampuni tatu cheti cha mtoto kina jina la nani, na hakuwahi kumuuliza mtu anayekula kwenye meza yake. "Hili kosa nalichukua mimi," alisema hatimaye. "Nimepekua wageni wote, nimemwacha wa nyumbani."

Walimpigia dada mwenye mafua. Alisema bila msimbo jina halihami, na hakuna namna ya kulizunguka hilo. Wakaipigia kampuni ya simu. Jibu lilikuwa kwamba laini isiyotumika kwa siku tisini hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine. Mama Bisibisi alichukua kalenda ya ukutani akahesabu kwa ncha ya bisibisi. Leo ilikuwa siku ya themanini na tatu. Baada ya siku saba msimbo wa tovuti yake ungekuwa unatumwa kwa mtu asiyejua hata cherehani kinavyolia.

Hapo ndipo shemeji alisema jambo ambalo pengine alikuwa amelifikiria tangu aanze kuitazama feni. "Si lazima tulihamishe. Nitaifufua hiyo laini, liendelee kukaa kwa jina langu. Mimi nipo, siendi popote. Au huniamini?"

Lilikuwa swali la kifamilia, na maswali ya aina hiyo yamevunja biashara nyingi kuliko barabara. Mama Bisibisi alielekeza kidole kwenye kona, palipokuwa na vyerehani sita vya matengenezo vinangoja wenyewe.

"Cha tatu pale cha nani?"

"Cha mama."

"Kina kikadi. Soma."

Shemeji aliinama. Kipande cha boksi kilichofungwa kwa uzi kwenye gurudumu kilikuwa na jina kamili la mama yake mzazi, tarehe, na ubovu: kinaruka mishono.

"Mama mkwe wangu huyo," alisema Mama Bisibisi. "Amenilelea watoto. Cherehani chake nimekiandikia kikadi kama cha mtu wa barabarani. Unadhani simwamini? Nikianguka leo, atakayefungua mlango huu atajua kipi cha nani, bila kumuuliza mtu na bila kugombana. Hiyo tu."

Shemeji alikishika kile kikadi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kukisoma.

"Naona aibu, shemeji."

"Aibu haitoi msimbo. Foleni ya kampuni ya simu inaanza saa mbili, nenda na kitambulisho."

Alikwenda Jumanne, akarudishwa kwa kukosa fomu moja. Akaenda Jumatano na fomu, akakuta mtandao wao umelala. Alhamisi saa tisa alasiri laini ilifufuka. Ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa kinyozi, akimtakia heri ya siku ya kuzaliwa iliyopita miezi miwili nyuma. Wa pili ulikuwa msimbo, walioomba upya. Aliusoma kwa sauti, tarakimu moja moja, huku Mama Bisibisi akiandika kwa kidole kimoja. Dada mwenye mafua, ambaye sasa alikuwa amepona, alisema zihesabiwe siku tano. Zilitosha nne. Jumatatu asubuhi barua pepe iliingia kwenye simu ya Mama Bisibisi, ikiwa na jina lake kamili, lile alilopewa na wazazi, kwenye sehemu ya mmiliki.

Zilikuwa zimebaki siku saba. Kadi zilichapishwa siku hiyo hiyo, kwenye duka lililo mbele ya chumba kipya, na mchapishaji akaongeza hamsini kwa ujirani. Shemeji aliwagawia watu wote, hata waliokuja kununua rangi na wakakosea mlango. Mpaka siku ya mwisho zilikuwa zimetoka chini ya mia mbili. Mama Bisibisi alijua maana yake: wale wa mara moja kwa mwaka, wengi wao, hawakuwa na kadi, na hakuna aliyewaambia.

Mtambo wa kubomoa ulimaliza safu nzima kwa asubuhi moja. Yeye hakwenda kutazama. Alikuwa ghorofa ya pili anapigilia droo, na ukuta mpya ulikuwa mgumu.

Wiki ya tatu baada ya hapo, kabla ya saa sita mchana, kulisikika mtu anapanda ngazi kwa hasira. Hatua tatu, pumzi. Hatua tatu, pumzi na neno. Aliyetokea mlangoni ni mshonaji wa umri wa miaka sitini na kitu, mteja wa miaka mingi kutoka mbali, ambaye kazi yake ni kola za mashati na jina lake kwa hiyo ni Bibi Kola.

"Nimekuta shimo!" alisema kabla ya salamu. "Shimo, na vijiti vimefungwa kamba. Miaka kumi na minne nakuja, leo unanipokea kwa shimo!"

"Shikamoo, bibi. Kaa kwanza."

"Marahaba, na sikai. Kinyozi hayupo, wa rangi hayupo. Nimeuliza watu wawili, kila mmoja ananitajia mtaa wake. Nikasema basi, narudi nyumbani."

"Ikawaje?"

Bibi Kola alitoa simu yenye kioo chenye nyufa, akaisukuma mezani. "Nikaandika humu namba ya cherehani changu, nione nani mwingine anauza. Picha zikafunguka kabla sijavuta pumzi. Natazama, naona chuma changu, na dole gumba limechungulia pembeni. Lile lako, lenye kucha iliyopasuka. Nikasema mwizi huyu hapa, kajificha ghorofani."

Picha ilikuwepo kweli kwenye kioo: kitambaa cheusi, rula, kikopo cha bobini kinachobeba uzi wa chini, na ncha ya dole gumba pembeni, ambayo shemeji alikuwa amesahau kuikata. Chini yake, maelekezo ya ngazi ya nyuma.

Mama Bisibisi aliitazama. Jioni alimpigia shemeji na kumwambia asiikate ile ncha ya dole.

"Lete karatasi yako tuone kilivyovunjika," alimwambia Bibi Kola.

"Na hizi ngazi?"

"Ngazi ni za mwenye nyumba, bibi. Mimi naweza kukupa maji na kiti."

Bibi Kola akakaa.